Usiku wa Half Note ulijitosheleza

Albamu bora kuliko zote za gitaa la jazz, kwa maoni yangu, ilianza kurekodiwa mwezi Juni 1965 katika klabu ya usiku iliyokuwa mtaa wa Hudson, New York. Klabu hiyo iliitwa Half Note. Ilikuwa ya familia ya Canterino, watu wa asili ya Italia, na wateja walikwenda pale kula, kunywa, kuzungumza na kusikiliza muziki kwa mpigo mmoja. Mpiga gitaa alikuwa Wes Montgomery, mwenye umri wa miaka 42. Aliopiga nao ni Wynton Kelly kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi na Jimmy Cobb kwenye dramu. Kampuni ya Verve iliitoa albamu hiyo kwa jina la Smokin' at the Half Note, na tangu hapo wapiga gitaa wa kizazi baada ya kizazi wameisikiliza wakitafuta kujua gitaa linaweza kufika wapi. Pat Metheny, mmoja wa wapiga gitaa mashuhuri wa Marekani, amesema mara kadhaa kwamba kwake yeye hakuna albamu ya gitaa la jazz inayoizidi.

Nimeandika kwamba ilianza kurekodiwa Half Note, na neno hilo nimelichagua. Kati ya vipande vitano vya santuri ile ya kwanza, ni viwili tu vilivyopigwa mbele ya wateja wa klabu. Vitatu vilivyobaki vilirekodiwa Septemba 22 mwaka huohuo katika studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey, ingawa jina la albamu linaitaja klabu peke yake. Kanda nyingine za Half Note ziliwekwa kabatini. Montgomery alipofariki mwaka 1968, baadhi ya kanda hizo zilitolewa zikiwa zimeongezewa ala za okestra ambazo hazikuwepo usiku ule na ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kuzisikia.

Hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Naamini usiku wa Half Note ulijitosheleza. Kila mkono uliojaribu kuurekebisha uliupunguza, na wenye mamlaka juu ya muziki uliorekodiwa, kule na hapa kwetu, wana la kujifunza katika kisa hiki.

Tuanze na mtu mwenyewe. John Leslie Montgomery, aliyejulikana kama Wes, alizaliwa Indianapolis Machi 6, 1923. Gitaa alilianza akiwa kijana mkubwa, karibu na miaka ishirini, baada ya kuvutiwa na santuri za mpiga gitaa Charlie Christian. Alizirudia solo za Christian kwa sikio, moja baada ya nyingine, mpaka akapata kazi ya kuzipiga jukwaani. Kusoma muziki ulioandikwa hakujua, na hakujifunza hadi mwisho wa maisha yake. Wengi wa wenzake walicharaza nyuzi kwa kipande kigumu kinachoshikwa kwa vidole viwili. Yeye alitumia dole gumba tupu. Yeye na jamaa zake wamesimulia kwamba alianza hivyo ili kupunguza kelele, maana alijifunza nyumbani wakati watu wamepumzika. Njia hiyo ya kuwahurumia waliolala ikampa sauti nene, ya joto, isiyo na makali, ambayo hakuna aliyeipata kabla yake.

Kutoka 1948 hadi 1950 alisafiri na bendi ya Lionel Hampton. Kisha akarudi Indianapolis, kwa mke na watoto, na watoto hao walifika saba. Mchana alifanya kazi kiwandani. Jioni alipiga gitaa kwenye baa iitwayo Turf hadi saa nane usiku, halafu akahamia klabu nyingine, Missile Room, akapiga hadi karibu na alfajiri. Ni huko Missile Room ambako mpiga saksofoni Cannonball Adderley alimsikia mwaka 1959, akaduwaa, akamwarifu Orrin Keepnews wa kampuni ya Riverside. Keepnews alikwenda Indianapolis kusikiliza kwa masikio yake, na mkataba ukapatikana. Santuri ya mwaka uliofuata, The Incredible Jazz Guitar of Wes Montgomery, ilimtangaza kote.

Kwa hiyo huyu alikuwa mtu wa klabu tangu mwanzo. Alilelewa na usiku mrefu, watu waliochoka kama yeye, na uhuru wa kupiga kipande kimoja kwa muda wote kinachouhitaji. Studioni mambo huwa mengine: kuna saa ya ukutani, gharama ya kila saa, na upande wa santuri usioweza kubeba zaidi ya dakika ishirini na kitu. Anayetaka kujua mtu kama huyu alikuwa nani anapaswa kumfuata alikokuwa akifanyia kazi.

Nao watatu waliompokea Half Note hawakuwa waajiriwa wa kusindikiza tu. Kelly, Chambers na Cobb walikuwa wamekaa pamoja kwa miaka kadhaa katika bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Chambers na Cobb wanasikika katika Kind of Blue yote ya mwaka 1959, na Kelly yumo katika kipande kimoja. Aprili 1961 watatu hao walirekodiwa pamoja na Davis katika klabu ya Blackhawk, San Francisco. Juni 25, 1962 walimuunga mkono Montgomery katika usiku mwingine uliohifadhiwa kwenye santuri, pamoja na mpiga saksofoni Johnny Griffin, mahali paitwapo Tsubo, mjini Berkeley. Albamu ya usiku huo ni Full House. Walipoachana na Davis, watatu hao waliendelea kama bendi ya Wynton Kelly. Mwaka 1965 Montgomery aliingia kwao kama mgeni, na jalada la santuri linalitaja kundi la Kelly pamoja naye. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa walipona wote wanne.

Sikiliza kipande cha kwanza, No Blues. Ni utunzi wa Miles Davis, umbo la blues la mizani kumi na mbili inayojirudia. Davis aliurekodi mwaka 1961 akiwa na watatu hawahawa, na kwa miaka wakawa wanaupiga naye jukwaani. Yaani usiku huo wa Juni walikuwa na kipande walichokijua mpaka mifupani, na bosi aliyekitunga hayupo. Kinachukua karibu dakika 13. Katika santuri za siku hizo muda huo ulikuwa karibu theluthi mbili ya upande mzima, na kila dakika ina kazi yake.

Montgomery anaanza kwa noti moja moja, sentensi fupi zilizo wazi, kila moja ikiijibu iliyotangulia. Duru zinapita, naye hana haraka. Kisha anahamia oktava: noti ileile inapigwa chini na juu kwa wakati mmoja, hivyo kila sentensi inabeba uzito maradufu. Mbinu hiyo ni ngumu mno kwa mkono wa kushoto, kwa sababu vidole viwili vinapaswa kuruka pamoja bila kukosea, na nyuzi zilizo kati yao zinyamazishwe. Wengi kabla yake walipiga oktava kama pambo la hapa na pale. Yeye alizungumza nazo, kwa kasi, kwa mzunguko mzima. Ukidhani amefika kileleni anaingia hatua ya tatu, akordi nzima nzima, noti nne au tano zikisogea pamoja kama sauti za kwaya. Ngazi hizi tatu ndizo alama yake. Alizipanda katika rekodi nyingi, lakini pale Half Note hakuna aliyemwambia muda umekwisha, na ngazi ya juu ikapata nafasi iliyostahili.

Sasa mwache yeye, rudia kipande chote ukimfuata Cobb. Toazi lake halitetereki, ila msukumo wake hubadilika kila Montgomery anapobadili ngazi. Rudia tena ukimfuata Chambers, ambaye besi yake inatembea mbele kidogo tu ya mwendo, inawavuta wenzake bila kuwakimbiza. Kisha Kelly, mwana wa Brooklyn aliyezaliwa na wazazi kutoka Jamaika: anatia akordi zake pale gitaa linapovuta pumzi, na zamu yake ikifika anapiga kwa furaha ambayo sijaisikia kwa mpiga piano mwingine. Pembeni kuna watu. Kuna minong'ono ya meza, makofi, vyombo. Watu hao nao ni sehemu ya muziki, kwa sababu Montgomery aliamua anyooshe wapi na akatishe wapi huku akiwasikia.

Kipande cha pili, If You Could See Me Now, ni cha taratibu, utunzi wa Tadd Dameron ambao Sarah Vaughan aliuimba mwaka 1946. Hapa hakuna mbio za kujificha nyuma yake. Mpiga gitaa anatakiwa kuimba. Metheny ameitaja solo ya Montgomery katika kipande hiki kuwa solo aipendayo kuliko zote, na mimi namuunga mkono. Ndani yake kuna blues, kuna upole, na kuna ujasiri wa mtu anayeruka katikati ya sentensi bila kujua atatua wapi, akatua vizuri. Hapo ndipo ninapoiona tofauti ya jukwaa na studio. Anayejua kwamba kosa lake linaweza kurudiwa kesho hana sababu ya kuruka namna hiyo.

Lakini haki itendeke. Vipande vitatu vya studioni, Unit 7, Four on Six na What's New, ni muziki wa hali ya juu. Four on Six ni utunzi wa Montgomery mwenyewe, na anauendesha kwa wepesi wa kutisha. Kama vingekuwa katika albamu ya peke yake tungeisifu. Anayesema studio haiwezi kutoa jazz yenye uhai anajibiwa na upande wa pili wa santuri hii hii. Ninachodai ni kidogo zaidi ya hapo: watu walewale wanne, miezi mitatu baadaye, walipiga kwa usafi uleule lakini kwa tahadhari zaidi. Mwaka 2005 Verve ilipoitoa albamu upya pamoja na vipande vya klabu vilivyokuwa vimeachwa nje, wasikilizaji waliweza kupima wenyewe. Mle kulikuwa na Impressions ya John Coltrane, yenye moto ambao upande wa studio haukuwasha.

Kosa kubwa lilikuja kati ya hatua hizo mbili. Mwaka 1969 ilitoka Willow Weep for Me, santuri iliyotokana na kanda za Half Note. Kwa baadhi ya vipande, Claus Ogerman, mtunzi hodari wa mipangilio ya okestra, aliandika sehemu za ala za kupuliza, zikarekodiwa na kubandikwa juu ya bendi ya watu wanne. Santuri hiyo ikashinda tuzo ya Grammy mwaka 1970, tena katika kundi la bendi ndogo. Ogerman simlaumu kwa ustadi wake, kwa maana alifanya alichoombwa. Ila sikiliza kilichotokea. Nafasi ambazo Kelly aliziacha wazi kwa makusudi zimejazwa. Wateja wa klabu wamefunikwa na watu ambao hawakuwepo. Montgomery anazungumza na wenzake watatu, na kundi la wageni linamjibu kwa maneno yaliyoandikwa baada ya kifo chake.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Mtayarishaji wa Montgomery pale Verve, Creed Taylor, alikuwa amemfanya mtu maarufu kwa njia hiyohiyo ya okestra na nyimbo za redioni. Goin' Out of My Head, iliyorekodiwa mwishoni mwa 1965, ilimpa Grammy. A Day in the Life, ya mwaka 1967 katika kampuni ya A&M, iliuzwa kuliko albamu nyingine za jazz mwaka ule. Mtu aliyekuwa akitoka kiwandani kwenda baa, na baa kwenda klabu, mwishowe aliweza kulisha watoto saba kwa gitaa peke yake. Anayemcheka kwa santuri hizo hajawahi kulipa ada za watoto saba. Nazikubali, na baadhi yake nazipenda. Lakini hizo alizirekodi yeye, akiwa hai, akijua okestra itaingia wapi na akiiachia nafasi. Kanda za Half Note hakuziachia nafasi hiyo. Kazi yake ya biashara ilikuwa chaguo lake. Mapambo ya 1969 hakuulizwa.

Wala tusiusifu usiku kupita kiasi. Klabu zilikuwa na moshi, pombe, malipo madogo na saa za kazi zinazomaliza mwili. Mpaka mwaka 1967 mwanamuziki wa New York alihitaji kadi ya polisi ili aruhusiwe kupiga mahali panapouzwa pombe, na kadi hiyo iliweza kuchukuliwa, kama ilivyowapata Billie Holiday na Thelonious Monk. Angalia pia hesabu ya wanne wetu. Montgomery alikufa kwa mshtuko wa moyo Juni 15, 1968, akiwa na miaka 45. Chambers alikufa Januari 1969, kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 33. Kelly alifuata Aprili 1971, akiwa na miaka 39. Ni Cobb pekee aliyezeeka. Alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 91. Ndani ya miaka sita tangu usiku ule wa Juni, watatu kati ya wanne walikuwa kaburini. Hakukuwa na siku ya kurudi kurekodi vizuri zaidi. Waliokuwa na mashine pale klabuni walikuwa wameshika kitu kisichopatikana tena, na kwa miaka mingi walikitendea kama malighafi.

Bahati ni kwamba Verve haikuwa peke yake mle ndani. Mtangazaji Alan Grant alikuwa akirusha vipindi vya moja kwa moja kutoka Half Note kupitia kituo cha WABC-FM. Mwaka huohuo wa 1965 alimrusha hewani John Coltrane, na rekodi hizo zikatolewa rasmi mwaka 2005. Mwaka 2023 kampuni ya Resonance ilitoa Maximum Swing, rekodi za Montgomery na bendi ya Kelly kutoka vipindi hivyohivyo vya redio, huku besi ikipokezana kati ya Chambers, Ron Carter, Larry Ridley na Herman Wright. Sauti yake haina usafi wa Verve. Lakini vipande vina urefu wake, makosa yapo, kelele za watu zipo, na baada ya miaka 58 muziki ule bado unamfanya mtu asimame. Redio iliyopeleka kinasa sauti klabuni na kuuacha muziki kama ulivyo iliwahifadhi hawa wanne kwa heshima kuliko kampuni kubwa iliyotaka kuwapamba.

Hapo ndipo kisa hiki kinapotugusa Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya muziki wa dansi uliotufikia kutoka miaka ya 1960 hadi 1980 ulirekodiwa studioni, hasa Radio Tanzania Dar es Salaam na studio za Nairobi. Tunazishukuru studio hizo. Bila kanda zao tungekuwa maskini. Lakini yeyote aliyecheza dansi ukumbini anajua kwamba wimbo wa studio ulikuwa muhtasari. Ukumbini chemko, ile sehemu ya kasi inayofuata baada ya uimbaji, liliendelea maadamu watu wako sakafuni, mpiga solo akabuni juu ya alichobuni jana, na ala za upepo zikamjibu. Mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, na magitaa mengi ya kizazi chake yameshanyamaza. Kiasi gani cha walichokipiga usiku wa manane kimebaki? Kidogo mno, ukilinganisha na usiku walioupiga.

Bado kuna bendi za dansi jukwaani. Msondo Ngoma, iliyozaliwa mwaka 1964 kama NUTA Jazz, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, zimevuka nusu karne au zinaikaribia. Leo kinasa sauti kizuri kinaingia mfuko wa koti. Vituo vya redio vya umma, vyuo vinavyofundisha muziki na mashabiki wenye uwezo wasingoje mtu afe ndipo waandae kumbukumbu. Waende ukumbini, waombe ruhusa ya wanamuziki na kuwalipa, warekodi usiku mzima bila kukata, waandike majina ya wapigaji wote, na wahifadhi kanda kama zilivyo. Anayetaka kuongeza vinanda vya kompyuta baadaye afanye hivyo kwenye nakala, wala asiguse asili.

Nawe msomaji, tafuta No Blues ya Half Note na uisikilize dakika zote 13 bila kazi nyingine mkononi. Halafu tafuta Willow Weep for Me yenye okestra. Sina shaka utaamua kama mimi: wanamuziki wanne na watu waliokuja kula chakula cha jioni walitosha.